Mwamba Haujui Wastani

Kwa karibu miongo miwili, hadi mwishoni mwa mwaka 2012, Mtabila katika wilaya ya Kasulu, mkoani Kigoma, ilikuwa kambi ya wakimbizi wa Burundi. Agosti ya mwaka huo hadhi ya ukimbizi ilikoma kwa watu wapatao 35,000 waliokuwa wamebaki pale, na kabla ya mwaka kwisha kambi ilifungwa, wakarejeshwa kwao. Leo jina hilo wanalifahamu zaidi vijana wanaomaliza kidato cha sita, maana Mtabila sasa ni kambi ya Jeshi la Kujenga Taifa. Watu wameondoka, wengine wamekuja, miti imekatwa na mingine imechipua. Kilichobaki vilevile ni mwamba ulio chini yao wote.

Chukua hiyo idadi ya mwisho, watu 35,000, na kiwango cha lita 20 kwa mtu kwa siku ambacho mashirika yanayohudumia wakimbizi hulenga kukifikia. Zidisha, unapata lita 700,000 kila siku. Gawanya kwa sekunde za mchana na usiku, unapata lita 8 na kidogo kwa kila sekunde, bila kupumzika. Hesabu hii mtoto wa darasa la sita anaimudu. Ugumu unaanza baada ya hesabu, kwa kuwa hizo lita 8 lazima zitoke mahali fulani, na katika nyanda za juu za Kasulu na Kibondo maji ya ardhini hayajalala chini kama ziwa lililofunikwa. Yamo ndani ya nyufa za mwamba mgumu, na ufa uko pale ulipo. Hausogezwi karibu na watu kwa sababu watu ni wengi.

Kila ninaposoma sayansi ya maji yanayopita katika mwamba uliopasuka, narudi kwenye jambo moja ambalo naona ni kubwa kuliko jiolojia. Wastani, kipimo tunachokitumia kupangia bajeti, kugawia huduma na kujipongezea, unaweza kuwa sahihi kabisa kwenye karatasi na usiwe na maana yoyote mahali aliposimama mtu na ndoo yake. Mwamba unatufundisha hili kwa ukali, kwa sababu hauna njia ya kutuonea haya.

Miamba ya sehemu hizi ni ya kale mno. Wanajiolojia huiweka katika kundi la Bukoba: mchanga ulioshikana ukawa jiwe gumu, matope yaliyogandamana yakawa matabaka membamba, mawe ya chokaa yenye dolomaiti, na lava za Gagwe zilizomwagika karibu miaka milioni 800 iliyopita. Mchanga ule ulipokuwa bado mchanga, maji yaliweza kukaa kati ya punje na punje. Uzito na muda vimeziba nafasi hizo karibu zote. Ukikishika kipande cha jiwe hilo utaona ni kizito na kikavu, na hakuna tone litakalotoka hata ukiligonga kwa nyundo. Maji yamebakiwa na njia moja, mipasuko: ile iliyotokea ardhi ilipokunjwa, ile iliyofunguka Bonde la Ufa lilipotanuka upande wa magharibi ambako Ziwa Tanganyika limelala, na ile inayopanuka polepole kadiri mmomonyoko unavyouondolea mwamba mzigo wa juu.

Simama kando ya mtambo wa kuchimba kisima kirefu kazi ikiwa imepamba moto. Hewa iliyoshindiliwa inashuka ndani ya mabomba na kurudi juu ikiwa imebeba unga wa mwamba. Fundi msaidizi anaukinga kwa koleo kila baada ya mita chache na kuupanga chini kwa mafungu, moja kando ya jingine. Mafungu ya kwanza ni mekundu, udongo wa Buha, nchi ya Waha, unaong'ang'ania viatu. Yanafuata ya kahawia na manjano, mwamba ulioanza kuoza. Kisha linakuja la kijivu, kavu kabisa, na vumbi linawafunika wote waliosimama upande upepo unakoelekea. Mita 40, vumbi. Mita 50, vumbi. Halafu mlio wa nyundo iliyoko chini unabadilika, mabomba yanadondoka kidogo kwa ghafla, na kwenye koleo vinaingia vipande vyenye kutu upande mmoja. Punde vumbi linageuka tope. Ile kutu ni ushahidi kwamba maji yenye hewa yamekuwa yakipita hapo kwa muda mrefu, yakakila chuma kilichomo kwenye jiwe. Mtambo umekata ufa. Ungewekwa hatua chache pembeni, huenda ungeshuka hadi mwisho kwenye vumbi tupu, na watu wangefunga mabomba wakaenda zao.

Sayansi ya maji ya ardhini haikuanzia kwenye mwamba wa namna hii. Ilianzia kwenye mchanga. Mwaka 1856 Henry Darcy, mhandisi wa mji wa Dijon nchini Ufaransa, alichapisha matokeo ya majaribio aliyoyafanya kwa kupitisha maji ndani ya nguzo iliyojazwa mchanga. Aliona kwamba maji yanayopita huongezeka kadiri tofauti ya kimo cha maji kati ya ncha mbili inavyoongezeka, na hupungua kadiri safu ya mchanga inavyorefuka. Kanuni hiyo bado inatumika duniani kote, na msingi wake ni kwamba mchanga unakubali wastani. Ndoo ya mchanga uliyochota hapa inafanana na ndoo utakayochota pale. Ukiijua moja, umeijua pwani nzima.

Ufa haukubali hivyo. Maji yanapopita kati ya kuta mbili za jiwe, kiasi chake hulingana na kipeo cha tatu cha upana wa ufa. Lomize, wa Muungano wa Kisovieti, aliandika juu ya jambo hili mwaka 1951 baada ya majaribio ya maabara, na mwaka 1980 Paul Witherspoon na wenzake wa Berkeley, California, walilithibitisha kwa kubana nyufa katika vipande vya graniti, basalti na marumaru. Ufa ukipanuka mara mbili, maji yanaongezeka mara nane. Ukipanuka mara kumi, maji yanaongezeka mara elfu moja.

Hebu tukae na hesabu hiyo kidogo. Fikiria mwamba wenye nyufa 1,000. Nyufa 999 zina upana wa sehemu moja ya kumi ya milimita, na mmoja una upana wa milimita moja. Piga wastani wa upana wao: unapata karibu kilekile, sehemu moja ya kumi ya milimita. Ule ufa mpana umepotea katika jumla, hauonekani. Lakini nusu ya maji yote yanayopita katika mwamba huo yanapita ndani yake peke yake. Anayeujua wastani wa nyufa zile hajaujua mwamba. Anayejua mahali ulipo ufa mmoja ameujua nusu yake.

Na ndani ya ufa huohuo mmoja mambo hayako sawa. Kuta zake si laini. Zinagusana hapa, zinaachana pale, na maji huchagua vijia vichache vya kupita. Haya yalionekana wazi katika mgodi wa zamani wa chuma wa Stripa nchini Sweden, ambako kuanzia mwaka 1977 wanasayansi wa nchi kadhaa walifanya utafiti chini ya ardhi kwa miaka mingi. Walitandika karatasi za plastiki kwenye dari ya handaki ili wakinge maji yanayodondoka, wapime kila sehemu inatoa kiasi gani. Sehemu kubwa ya dari ilikuwa kavu. Maji mengi yalitoka mahali pachache.

Ndiyo maana mtaalamu wa maji ya ardhini anayefanya kazi katika mwamba uliopasuka huuliza kwanza "wapi hasa?" kabla ya kuuliza "kiasi gani?" Hupitisha umeme ardhini ili aone ni wapi unapita kwa urahisi, kwa kuwa mwamba ulioloa hupitisha umeme vizuri kuliko mkavu. Husukuma maji kutoka kisima kimoja kwa saa nyingi mfululizo, na wakati huohuo akapima kina cha maji katika visima jirani. Kisima kilicho karibu kikibaki kimya ilhali cha mbali kinashuka, hapo mwamba umemwambia jinsi nyufa zake zilivyoungana. Hutia chumvi au rangi isiyodhuru katika kisima kimoja akasubiri aone itatokea wapi na baada ya muda gani. Hupima tritiumu, ambayo ilijaa angani kutokana na majaribio ya mabomu ya nyuklia ya miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, ili ajue kama maji anayoyashika yalinyesha kabla au baada ya wakati huo. Vipimo vyote hivi ni vya kuujua mwamba huu, hapa, kwa jina lake.

Mkoa wa Kigoma una ushahidi wa zamani zaidi wa safari za maji ndani ya mwamba, na ushahidi huo uliliwa. Kusini mwa Kasulu, pale mto Ruchugi unapoungana na Malagarasi, ziko chemchemi za chumvi za Uvinza. Maji yanayotoka hapo yamepita katika miamba, yakayeyusha chumvi iliyomo, yakapanda tena juu yakiwa makali kiasi cha kuchemshwa na kuacha chumvi safi chunguni. Watafiti wa mambo ya kale, John Sutton na Andrew Roberts, walionyesha mwishoni mwa miaka ya 1960 kwamba watu wamechemsha chumvi hapo kwa zaidi ya miaka elfu moja. Chumvi ya Uvinza ilisafirishwa Unyamwezi, Buha, Burundi na nchi za pembeni mwa ziwa. Mkoa mzima una mito, mvua ya kutosha na mabonde yenye rutuba, ila utajiri ule ulitokea mahali pachache tu kando ya mto, ambapo mwamba uliruhusu maji ya chini yafike juu. Waliokuwa wakichemsha chumvi hawakuhitaji kuambiwa kwamba mahali ni kila kitu.

Hata makazi ya zamani ya Waha yalizingatia hilo. Kaya zilitawanyika kwenye miinuko, na watu waliteka maji mabondeni, kwenye chemchemi. Chemchemi ni mahali ambapo mwamba wenyewe umekubali kuonyesha ufa wake: maji yaliyoingia juu kilimani yanatokea ubavuni, pale mteremko unapoukata mpasuko. Kaya chache chache kwa kila chemchemi, na chemchemi nyingi ndogo ndogo. Mpangilio ule ulikuwa na shida zake, za shule na zahanati kuwa mbali, na ndizo shida ambazo operesheni ya vijiji vya Ujamaa ya mwaka 1972 mkoani Kigoma ilikusudia kuziondoa kwa kuwakusanya watu vijijini. Tangu hapo watu wengi wamekaa pamoja, kando ya barabara. Shule iliweza kufuata watu, na zahanati pia. Maji hufuata mkondo, na mkondo wa chini ya ardhi haukuhama.

Baadaye zikaja kambi. Baada ya kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye mwaka 1993 Warundi kwa maelfu walivuka mpaka, na mwaka 1996 Wakongomani wakafunguliwa kambi ya Nyarugusu. Kambi hutafutiwa eneo kwa kuangalia ardhi iliyo wazi, umbali wa kutoka mpakani, usalama na barabara. Hayo yote ni ya haki, maana watu wamefika wamechoka na usiku unaingia. Mwamba huulizwa mwisho, watu wakiwa wameshapiga mahema. Mwaka 2015, machafuko yalipozuka tena Burundi, Nyarugusu iliyojengwa kwa ajili ya watu 50,000 ilivuka watu 150,000 ndani ya miezi. Nduta huko Kibondo ikafunguliwa upya Oktoba 2015, na Mtendeli huko Kakonko Januari 2016. Idadi ya watu iliongezeka kwa majuma. Mwamba una ratiba nyingine.

Mwaka 2015, mwezi Mei, kulitokea jambo huko Kagunga ambalo kila anayezungumzia maji kwa jumla na wastani angepaswa kulikumbuka. Kagunga ni kijiji kidogo kwenye ufukwe wa Ziwa Tanganyika, karibu kabisa na mpaka wa Burundi, kimebanwa kati ya ziwa na milima. Watu wapatao 50,000 walijikuta hapo wakingoja meli, wakiwa wamelala nje. Mbele yao lilikuwa ziwa lenye kina cha mita 1,470, lenye maji yapatayo kilomita za ujazo 18,900. Ukigawanya maji hayo kwa watu wale, kila mmoja alikuwa na zaidi ya lita bilioni 300. Na katika ufukwe huo kipindupindu kilizuka, maelfu wakaugua, na watu wapatao 30 wakafa kabla meli ya MV Liemba haijamaliza kuwavusha hadi Kigoma. Maji yalikuwepo kwa kiasi kisichohesabika. Yaliyokosekana ni maji salama, mkononi mwa mtoto fulani, asubuhi fulani. Namba ya jumla haikumsaidia.

Afrika nzima ina kasoro hiyohiyo ya hesabu. Mwaka 2012 Alan MacDonald na wenzake walikadiria kwamba chini ya ardhi ya bara hili kuna maji kilomita za ujazo 660,000, mara nyingi kuliko maji yote ya mito na maziwa yanayojazwa kila mwaka. Habari hiyo ilienea kwa furaha, na takwimu ni ya heshima. Walakini watafiti wenyewe walieleza kwamba sehemu kubwa ya hazina hiyo iko kaskazini, chini ya Libya, Algeria, Misri na Sudan, katika mabonde makubwa ya mchanga. Kwenye miamba migumu ya kale iliyotanda sehemu kubwa ya nchi zetu, kisima cha kawaida hutoa kati ya sehemu moja ya kumi ya lita na lita moja kwa sekunde. Kwa pampu ya mkono inatosha. Kwa mji au kambi, lazima uupate ule ufa mpana.

Wastani hudanganya pia katika majira. Kaskazini mwa Dodoma kuna bonde la Makutapora, ambako maji ya mji yametolewa kwa miongo kutoka katika graniti iliyooza na kupasuka. Huko watumishi wa maji walipima kina cha maji visimani kuanzia mwaka 1955, mwaka baada ya mwaka, serikali zikibadilika, wizara zikibadilishwa majina, wao wakiendelea kushusha kamba ya kupimia na kuandika. Mwaka 2013 Richard Taylor, Lister Kongola, Emmanuel Nahozya, Hosea Sanga na wenzao walichapisha walichokisoma katika rekodi hiyo ya miaka 55. Kwa miaka mingi mfululizo maji yalikuwa yakishuka, hata mvua ilipokuwa ya kawaida. Kisha unakuja msimu mmoja wa mvua kubwa isiyo ya kawaida, na maji yanapanda kwa kishindo. Mpando mkubwa kuliko yote ulikuwa wa msimu wa El Niño wa 1997 na 1998, mvua ileile tunayoikumbuka kwa madaraja yaliyosombwa. Utafiti uliofuata ukaonyesha kwamba hata katika msimu huo maji hayaingii ardhini kila mahali kwa usawa. Mengi hupenya katika vitanda vya mchanga vya mito ya msimu.

Mvua ya wastani, basi, haikuijaza Makutapora. Waliokuwa wakinywa maji ya Dodoma mwaka 1996 walikuwa wakinywa miaka michache mikubwa iliyopita. Na jambo hili lisingejulikana kamwe kama kipimo kingefanywa kwa miaka mitatu ya mradi kisha daftari likafungwa. Miaka mitatu yoyote kati ya hiyo 55 ingetoa jibu, na karibu kila jibu lingekuwa la makosa. Mimi nawaheshimu mno watu waliopima visima vile wakati hakuna aliyewauliza. Waliupa mwamba muda wa kumaliza sentensi yake.

Kwingineko duniani sayansi hii inatumika kwa shabaha iliyo kinyume na yetu. Katika kisiwa cha Olkiluoto nchini Finland, wamechimba handaki liitwalo Onkalo, zaidi ya mita 400 ndani ya mwamba wa kale, ili wazike humo mabaki ya mafuta ya vinu vya nyuklia kwa maelfu mengi ya miaka. Wao wanatafuta mahali ambapo maji hayapiti. Kila ufa wanaoukuta unachunguzwa, na mahali penye ufa unaopitisha maji kupita kiasi panaachwa. Hakuna mhandisi wa Onkalo atakayeruhusiwa kusema kwamba kwa wastani mwamba wake ni mkavu. Ufa mmoja tu unaweza kubeba sumu hadi juu. Kwa hiyo fedha nyingi, akili nyingi na miaka mingi vimetumika kuzijua nyufa za kisiwa kimoja, moja baada ya nyingine.

Ninapoiweka Olkiluoto kando ya Kasulu, naona kwamba uangalifu uleule unastahili kutolewa kwa kuwatafutia watu maji kama unavyotolewa kwa kuwaepusha na hatari. Kanuni ya ufa ni ileile pande zote mbili. Mwamba wa Finland na mwamba wa Buha inaongozwa na kipeo kilekile cha tatu. Tofauti iko katika subira tunayoamua kuwapa watu wanaoishi juu yake.

Subira hiyo ina sura ya kazi za kila siku. Kisima kilichotoka kikavu kina taarifa sawa na kilichotoa maji, pengine zaidi: kinasema ufa hauko hapa, mwamba ni wa namna hii, kuoza kumeishia mita fulani. Fedha zilizochimba kisima hicho zinakuwa zimepotea kweli pale tu ambapo yale mafungu ya unga yanafagiliwa bila kuandikwa. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 ilikwisha kuweka bodi za mabonde, na Bonde la Ziwa Tanganyika lina ofisi yake Kigoma. Kila kisima kinachochimbwa katika bonde hilo, na shirika, na kanisa, na msikiti, na halmashauri au na mtu binafsi, kinapaswa kuacha nyuma karatasi: mahali, kina, aina ya mwamba kwa kila mita, kina ambacho ufa ulikatwa, maji yaliyotoka, na maji yalipotulia. Kambi zinafungwa na mashirika yanaondoka, lakini karatasi hiyo inabaki na mwenye mahali. Mkulima atakayehamia karibu na eneo la kambi ya zamani miaka 30 ijayo atauhitaji ule ufa kama alivyouhitaji mkimbizi.

Na uangalifu huo lazima upande kutoka kwenye mwamba ufike hadi kwenye bomba. Sera yetu ya maji ya mwaka 2002 ilitaka kituo kimoja cha maji kihudumie watu 250, kisizidi mita 400 kutoka nyumbani. Ni shabaha njema, na imewaondolea wanawake na wasichana wengi safari za alfajiri. Lakini fikiria mtandao wa mabomba unaoshuka kutoka tangi moja kupita vituo kadhaa. Kituo cha kwanza kina msukumo mzuri, ndoo inajaa haraka. Kituo cha mwisho, kilichoko juu ya kijilima, kinatoa maji saa mbili kwa siku, na siku nyingine hakitoi. Jumlisha, gawanya, na ripoti itasema lita 20 kwa kila mtu. Hakuna aliyedanganya. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na katika ripoti ile wote wawili wameandikwa kwa jina moja. Binti anayengoja kituo cha mwisho amefichwa na wastani kama ufa ulivyofichwa kati ya nyufa 1,000, isipokuwa yeye amefichwa upande wa ukosefu.

Najua kupanga bila wastani haiwezekani. Waziri hawezi kusoma visima vyote kwa majina, na mtoaji msaada anahitaji namba moja ya kuanzia. Wastani ni mahali pa kuanzia hesabu. Kosa huja tunapoufanya kuwa mwisho wa hesabu, tukaona kwamba namba ikifika kiwango basi kazi imekwisha. Wanaosoma mwamba uliopasuka wameizoea nidhamu nyingine: baada ya kupata namba ya jumla, wanarudi uwanjani kuuliza ni wapi namba hiyo si kweli. Wanatafuta kwa makusudi mahali pasipofanana na pengine, kwa sababu wanajua hapo ndipo maji yalipo, au ndipo yasipokuwepo.

Nidhamu hiyo ndiyo ningependa ihame kutoka maabara ije kwenye vikao vya vijiji na vya halmashauri, pale Kasulu na Kibondo na kila mahali panapokaa juu ya mwamba wa namna ile. Mhandisi akisoma taarifa ya maji mbele ya wananchi, swali la kwanza liwe: ni kituo gani kilichopata kidogo kuliko vyote, nani anateka hapo, na tangu lini? Jibu liandikwe kwenye daftari lilelile zinamoandikwa lita za wastani, na mwaka ujao daftari hilo lifunguliwe kwenye ukurasa huo kwanza.